Neno Dogo Lililomfunga Zakaria

Gunia jipya la katani lina harufu yake, nayo haifanani na harufu ya kitu kingine chochote. Ni harufu ya mafuta mazito, majani makavu na vumbi lililolala mahali pasipo na hewa. Hapa Tunduma, msimu wa mahindi unapoanza, wafanyabiashara hushusha magunia hayo kwa marobota kando ya barabara, na mimi hulazimika kuvuka upande wa pili. Wajukuu wangu husema bibi ana mafua ya magunia. Nawaacha waseme. Ninyi nitawaambia sababu yake, kwa kuwa hamnijui na hatutakutana mezani kesho.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, au kumi na miwili; hakuna aliyeandika. Mama alinihesabia kwa nzige, akisema kwamba walipopita mimi nilikuwa ndiyo kwanza naanza kusimama dede. Tuliishi kwenye shamba la kahawa la mzungu mmoja huko Mbozi, upande wa Ihanda, miaka michache baada ya vita vya Hitla. Baba alikuwa mnyapara. Mwenye shamba tulimwita Bwana Mluzi, kwa sababu akiwa na furaha alipiga mluzi, na akiwa na hasira alipiga mluzi vilevile, na kazi kubwa ya Baba ilikuwa kuutambua huu ni upi kabla mambo hayajaharibika.

Mimi nilikuwa darasa la nne katika shule ya misheni, na kwa Kiingereza nilikuwa wa kwanza. Msinielewe vibaya. Kiingereza chenyewe kilikuwa cha kukwaruza, lakini darasani tulikuwa wasichana watatu na wavulana wengi wenye usingizi, na mimi nilikuwa na woga mkubwa wa rula. Rula hiyo ilikuwa ya Mwalimu Ambonisye, mtu mwembamba, mpole kanisani na mkali darasani. Alikuwa ameshika jambo moja kuliko yote: vile vineno vidogo ambavyo Waingereza hutanguliza mbele ya majina ya vitu, *a* na *the*. Alisema Kiingereza kisicho na vineno hivyo ni mtu aliyetoka nyumbani bila shati. Ukisema *man* peke yake, rula moja kwenye kiganja. *Cow* peke yake, rula. Lakini hakutueleza ni lini utumie kipi. Nadhani yeye mwenyewe hakuwa na hakika, Mungu amrehemu, kwa maana Kiswahili hakina vitu hivyo. Mtu kwetu ni mtu, na anayesikiliza hujua mwenyewe.

Basi nikatafuta njia yangu. Niliona kwamba *a* ina hila, maana mbele ya yai au chungwa hugeuka ikawa *an*, na ukisahau, rula. Lakini *the* haigeuki. *The* ni ile ile mbele ya ng'ombe, mbele ya yai, mbele ya mfalme. Nikaanza kuiweka kila mahali, kama mama anayetia chumvi kila chungu, na rula ikanipita. Mwalimu Ambonisye akaniandikia "vizuri" kwa wino mwekundu. Baba akaionyesha karatasi ile kwa wapagazi, kwa mpishi wa Bwana, na mwisho kwa Bwana mwenyewe.

Moto ulitokea mwezi wa saba, wakati wa baridi yetu, ukungu unapolala juu ya mibuni mpaka jua lipande sana. Asubuhi hiyo nilikuwa nateremka kijitoni na ndoo. Nilipopita nyuma ya stoo ya magunia, mlango ukafunguka, akatoka mtu ameshika taa ya chemli. Nilimwona mgongo tu. Alivaa koti refu la jeshi, akaenda haraka upande wa bondeni, ukungu ukammeza. Sikufikiri lolote. Makoti yale yalikuwa yamejaa kila kijiji tangu wanaume warudi kutoka vitani Bama. Nilikuwa bado sijajaza ndoo nikasikia kelele, na nilipogeuka moshi ulikuwa unatoka chini ya bati.

Nusu ya stoo iliungua, pamoja na kahawa iliyokwisha kukobolewa. Hakuna aliyeumia. Lakini majivu yalikuwa hayajapoa, na jina la Zakaria lilikuwa limekwisha kutajwa.

Zakaria alikuwa jirani yetu, kibanda cha tatu kutoka kwetu, kabla hajahama. Alikuwa amerudi kutoka vitani na koti, redio iliyokufa, na tabia ya kuuliza kwa nini. Aliacha kazi ya kuchuma, akapanda mibuni yake mwenyewe kwenye kipande cha baba yake chini ya kilima, akawashawishi wanaume wengine watatu wafanye vilevile. Bwana Mluzi alidai kahawa ya wenyeji italeta wadudu kwake. Siku moja walijibizana mbele ya watu wote, kwenye mizani, na Zakaria hakuvua kofia. Watu waliizungumzia kofia ile kwa muda mrefu kuliko maneno yaliyosemwa.

Kesho yake alikuja afisa kijana wa polisi kutoka mjini, mzungu mwenye masikio mekundu, mgeni kabisa nchini. Mkalimani wake alikuwa ameugua homa njiani. Walikuwa wamekwisha kumleta Zakaria, wamemkalisha chini uani kati ya askari wawili. Afisa aliweka daftari lake juu ya pipa, akatazama huku na huku kama mtu aliyesahau alichofuata. Hapo ndipo Bwana Mluzi aliposema kwamba mnyapara wake ana binti anayejua Kiingereza, na binti huyo alikuwa kijitoni asubuhi ya moto.

Baba alinishika bega, akanisogeza mbele. "Sema vizuri," alininong'oneza. "Usinitie aibu."

Afisa akauliza nimeona nini. Nilihisi viganja vyangu vinawasha kama Mwalimu Ambonisye yuko nyuma yangu na rula. Nikavuta pumzi, nikasema kwa sauti ya darasani: "*I see the man. The man go out of the store. The man have the lamp.*"

Hakuna hata neno moja lililotoka bila shati.

Kalamu ya afisa ikasimama. Akaniuliza, "*The man?*" na kalamu ikainuka kidogo, ikaelekea upande alikokaa Zakaria. "*Are you sure?*"

"*Yes, sir. The man.*"

Bwana Mluzi akanipiga kofi jepesi kichwani, la kunisifu. "*Good girl*," akasema, akapiga mluzi, na safari hii hata mimi niliutambua kuwa ni wa furaha. Nikamwona Baba amenyoosha mgongo. Nyuma yangu nikasikia chuma kikigongana na chuma, pingu zinafungwa. Nikaendelea kumtazama Baba.

Jioni hiyo Bwana Mluzi alimwambia Baba kwamba nisirudi kibandani wala shuleni mpaka Bwana Shauri, yule mzungu wa serikali, aje kusikiliza kesi. Nikae nyumba kubwa, nisije nikafundishwa maneno na watu. Baba alisema ndiyo, Bwana. Mama alinifungia kanga na kipande cha sabuni. Alinikaza fundo la kanga kifuani mara mbili, kama mtu anayefunga mzigo wa safari ndefu.

Wakanipa chumba kidogo kando ya jiko. Ndimo yalimowekwa magunia mapya yaliyookolewa kwenye moto, yamepangwa mpaka darini, na juu ya marobota mawili wakanitandikia blanketi. Dirisha lilikuwa na wavu wa chuma. Jua lilipozama mpishi alisukuma komeo kwa nje, akisema ni kwa ajili ya chui. Sikumwuliza tangu lini chui anafungua milango. Nililala na harufu ile puani, ninapogeuka nyuzi za katani zinanichoma shingo, na usiku kucha najiambia kwamba mimi ni mgeni wa heshima.

Kupitia wavu ule niliona barabara. Kila siku, jua likiwa utosini, Rebeka alipita, mke wa Zakaria, na kikapu cha chakula kichwani, anakwenda mahabusu ya Ihanda. Alikuwa na mimba kubwa. Zamani ndiye aliyeanzisha nyimbo kanisani, na akikutana nami njiani aliniita mkwe, kwa utani, akisema mtoto atakayezaliwa wa kiume ni wangu. Sasa alipita bila kugeuza shingo. Nilijua anajua niko pale. Mtu anayebeba kikapu kichwani hawezi kugeuka kirahisi, nilijiambia, na siku ya tatu nikaacha kujiambia hivyo.

Memsabu, mke wa Bwana Mluzi, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mpweke mpaka akaongea na mapazia. Aliponiona nimekaa tu jikoni aliamua kunifundisha Kiingereza cha nyumbani, ili apate mtu wa kusema naye mumewe akiwa shambani. Ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza vile vineno vikitumika na mtu aliyezaliwa navyo.

Siku ya kwanza aliniambia nimletee *the cup*. Kabatini vilikuwamo vikombe kumi na viwili. Nikachukua cha karibu. Akacheka, akatikisa kichwa. Si kikombe chochote, alisema. *The cup*, kile changu, chenye ua la bluu, ambacho unajua nakinywea kila siku. Kesho yake akasema *a cup*, nikamkimbilia chenye ua la bluu, akacheka tena: safari hii alitaka chochote tu, alikuwa anapimia sukari. Niliona ni vituko vya wazungu. Lakini siku zilivyokwenda nikaanza kusikia. Akisema *open a window*, alitaka hewa, dirisha lolote. Akisema *open the window*, alikuwa analitazama moja, nami ilinibidi nifuate macho yake.

Kila Ijumaa tarishi aliporudi kutoka posta, Memsabu alitoka barazani na kuuliza, "*Is there a letter?*" Aliuliza taratibu, kama mtu asiyetegemea kitu, na mara nyingi hakukuwa na kitu, akarudi ndani. Lakini Ijumaa moja aliuliza kwa sauti nyingine: "*Where is the letter?*" Nyumba nzima ikakimbia. Barua ilikuwapo, ameshaambiwa ipo, imedondoka mahali. Tuliinua kila mkeka mpaka mpishi akaikuta chini ya gunia la chumvi. Niliduwaa. Kwa neno moja dogo, barua iliyokuwa ndoto tu ilikuwa imekuwa kitu cha kushika mkononi.

Bado sikufikiri habari za Zakaria. Au nilikataa kufikiri.

Walikuwa na mbwa mmoja mkubwa wa kahawia, mzee, mpole, waliyemwita Kaiza kwa ajili ya kuwakebehi Wajerumani. Asubuhi moja Memsabu alikuwa anashona, nami nafagia baraza, nikaona mbwa kwenye banda la kuku. Nikasema, "*Memsabu, the dog is with the hens.*" Akaitikia "mmh," akaendelea kushona. Nilishangaa utulivu wake. Kisha kuku wakapiga kelele, manyoya yakaruka, na Memsabu akatoka mbio na mkasi mkononi. Alikuwa mbwa wa porini, mbavu nje, amekwisha kuua kuku wawili na wa tatu yuko mdomoni. Kaiza alikuwa amelala chini ya meza muda wote.

Memsabu alirudi anahema. Hakunigombeza sana. Alisema tu, na maneno yake nayakumbuka kwa Kiingereza chake: "*You said the dog. I thought you meant our dog. You should have said a dog.*" Kisha akanieleza polepole, Kiingereza na Kiswahili chake cha jikoni vikipishana, kwamba nikisema *the*, anayesikia hudhani ni yule ambaye sote wawili tunamfahamu. Nikisema *a*, ni mmoja tu, simjui, hajulikani.

Fagio likanianguka.

Niliona uani pale, pipa, daftari, kalamu inainuka. *The man?* Afisa hakuwa akinisahihisha sarufi. Alikuwa ananiuliza kama ni yule, yule tunayemjua sote, aliyekaa pale chini. Na mimi nilikuwa nimesema ndiyo, kwa kuogopa rula.

"Memsabu," nikasema. "Siku ya moto. *Not the man. A man.* Mimi sikumwona uso."

Niliona ameelewa, kwa sababu rangi ilimtoka usoni kuanzia midomo. Alitazama upande wa shambani, ambako mluzi ulikuwa unasikika kwa mbali. Kisha akasema nikaoshe vikombe, na nisimwambie Bwana jambo hili. Tangu siku hiyo hakunifundisha tena. Alirudi kuongea na mapazia.

Jumapili Baba alikuja kuniona. Alileta viazi kutoka kwa Mama. Tulikaa juu ya magunia, mlango wazi, mpishi anapitapita. Nikamwambia yote kwa lugha yetu ya nyumbani, na hapo ndipo nilipotambua nimenaswa kiasi gani, maana jambo lenyewe halikusemeka.

"Baba, nilisema *the man*. Nilitakiwa niseme *a man*."

"Tofauti yake nini?"

"Moja ni mtu. Nyingine ni mtu."

Baba alinitazama kwa huruma, kama ninaumwa. "Mtu si ni mtu?"

"Moja ni yule, Baba. Nyingine ni yeyote. Mimi sikumjua. Nilimwona mgongo."

Sasa alielewa. Akamenya kiazi ambacho hakukila. Alikuwa na mikono mikubwa, na kiazi kile kilivunjikavunjika ndani yake. "Serikali imekwisha kuandika," alisema mwishoni. "Ukibadilisha, watasema umedanganya, na aliyekufundisha kudanganya ni baba yako. Kibanda ni cha Bwana. Shule yako nalipa kwa kazi ya Bwana. Unanielewa, mwanangu?" Hakusema kwa ukali. Ingekuwa afadhali angesema kwa ukali. Alipoondoka, komeo lilisukumwa mapema kuliko siku zote, nami nikaegemeza paji la uso kwenye wavu mpaka ukaniachia alama za miraba.

Bwana Shauri alikuja baada ya siku tisa. Kesi ilisikilizwa kwenye baraza la Ihanda, nyumba ya matofali yenye paa la nyasi, na watu walijaa mpaka nje. Bwana Mluzi alikaa mbele pamoja na Memsabu aliyevaa kofia yenye wavu mwembamba usoni. Zakaria aliletwa. Alikuwa amekonda, anakohoa. Rebeka alisimama nyuma kabisa, kwa sababu hakuweza kukaa chini na tumbo lile.

Bwana Shauri alikuwa mtu mzima mwenye nywele nyeupe, na Kiswahili alikijua vizuri, lakini maneno ya baraza yaliandikwa kwa Kiingereza na kila neno lilipita kwa karani. Aliniambia nisiogope, niseme kwa Kiswahili niliyoyaona. Nilifurahi! Nilidhani kwa Kiswahili nimeokoka. Nikasema, "Nilimwona mtu akitoka stoo. Ameshika taa."

Karani, mwenye karatasi ya yule afisa mbele yake, akatafsiri bila hata kuinua macho: "*I saw the man coming out of the store.*"

Nikahisi komeo linasukumwa tena. Kumbe Kiswahili changu hakikuweza kunitoa. Neno lile lilikuwa limekwisha kuandikwa, na kila nitakachosema kitalirudia. Nikageuka kumtafuta Baba. Alikuwa amesimama karibu na nguzo, ananitikisia kichwa kidogo sana: hapana.

"*A man*," nikasema.

Karani akainua macho. Nikasema tena kwa nguvu, sauti ikapasuka: "*A man, sir! Not the man. A!*"

Watu hawakuelewa, wakacheka kidogo, kwa sababu walisikia mtoto analia aa, aa. Bwana Shauri hakucheka. Aliweka kalamu chini, akaniuliza, kwa Kiswahili, kama najua tofauti ya maneno hayo mawili. Nilitafuta namna ya kueleza. Kichwani hakukuwa na kitu ila kuku.

"Ndiyo, Bwana. Nikimwambia Memsabu *the dog*, anakaa, anashona, ni Kaiza. Nikimwambia *a dog*, anakimbia na mkasi. Mimi siku ya moto nilisema *the*, kwa sababu shuleni *the* haichapwi. Lakini nilimwona mgongo, Bwana. Mgongo na koti. Simjui."

Bwana Mluzi alisimama, akasema kwamba mtoto amefundishwa. Uso wake ulikuwa mwekundu. Bwana Shauri akamwomba akae, kisha akamgeukia Memsabu na kumwuliza kwa adabu kama anajua lolote kuhusu habari za mbwa huyo.

Memsabu alikaza mikono juu ya mkoba. Mumewe alikuwa anamtazama. Akainua ule wavu wa kofia, akasema kwa sauti ndogo, kwa Kiingereza: ndiyo, ni kweli. Mtoto aliniambia kabla ya leo. Mimi nikamwambia akaoshe vikombe.

Hakukuwa na shahidi mwingine. Zakaria alifunguliwa pingu jua likiwa bado juu. Aliyechoma stoo, kama alikuwapo aliyeichoma, hajajulikana hata leo. Wengine walisema ni mlinzi wa stoo mwenyewe, alikwenda kuota moto wa taa akasinzia. Baba alifukuzwa kabla ya mwezi kwisha. Tulihamia huku mpakani kwa wajomba zangu wa Kinamwanga, na Baba akawa mtu wa kuvusha chumvi na samaki wakavu, na hakuwa mnyapara wa mtu tena. Hakuwahi kunilaumu kwa mdomo. Mama ndiye aliyekuwa akinitetea kwa wageni, akisema huyu ndiye aliyemsahihisha mzungu Kiingereza chake.

Nami hadithi hiyo niliipenda. Nilikua nayo. Nilipokuwa mwalimu niliwasimulia wanafunzi kila nilipofundisha vile vineno viwili, na katika harusi za ndugu zangu niliombwa niisimulie, na kila mara nilipofika kwenye *A!* nilipaza sauti na watu wakapiga makofi. Ilikuwa hadithi ya mtoto aliyetegewa mtego na lugha ya wageni, kisha akautegua mwenyewe.

Miaka mingi baadaye, Zakaria alipita Tunduma akienda kumwona binti yake aliyeolewa ng'ambo ya mpaka, yule yule aliyekuwa tumboni siku ile. Alikuwa mzee, anakohoa kikohozi kile kile alichokitoa mahabusu. Akaulizia nyumba yangu. Nilimkaribisha, nikampa kiti na chai, nikamwamkia shikamoo, na moyoni, niwaambie kweli, nilikuwa nangoja shukrani.

Alizungumza habari za mibuni, za Rebeka, za mvua. Kisha akaweka kikombe chini.

"Mwanangu," alisema, "hadithi ya Kiingereza nimeisikia. Mpaka kwetu inasimuliwa, na mimi naicheka kama wengine. Nilitaka kukuuliza jambo moja tu, kabla hatujafa. Siku ile ya kwanza, pale uani, nilikuwa nimekaa hatua nne kutoka kwako. Baba yako yupo, watu wote wa kambi wapo. Waliponifunga pingu, Kiswahili ulikuwa hukijui?"



"Nilikijua, baba," nikasema.

"Na cha nyumbani?"

"Nilikijua."

Akaitikia kwa kichwa, bila hasira, kama mtu aliyekuwa na hesabu moja moyoni na sasa imekubali. Akamaliza chai yake, akasifu chai, akaaga.

Hadithi ile sijaisimulia harusini tangu siku hiyo. Sikuwa nimejua *the* ni nini, hilo ni kweli kabisa. Lakini pingu hazihitaji tafsiri. Nilizisikia nyuma yangu, na ilinitosha kugeuka na kusema maneno mawili ya lugha yoyote niliyonyonya: si yeye. Sikugeuka, kwa sababu ningegeuka ningeacha kuona jinsi Baba alivyokuwa amenyoosha mgongo.

Nilikuwa mtoto, najua. Najiambia hivyo nikilala. Lakini mtoto yule alijua ni upande gani asitazame, na hakuna mwalimu aliyekuwa amemfundisha.